Bwana Si na Wake Zake Wawili

Kitu cha kwanza, vijana: kabla hujahesabu atomu hata moja, tazama ukubwa wa herufi. Herufi kubwa ni mtu anayetembea kwa miguu yake. Herufi ndogo inayomfuata ni mtoto wa mgongoni, na mtoto wa mgongoni hahesabiwi peke yake. Kwa hiyo Na ni atomu moja, wala si mbili, na Si nayo ni moja. Mkilijua hilo mapema mtaokoka na aibu niliyoipata mimi. Mimi niliambiwa nikiwa nimekwisha kuchekwa na maabara nzima, ingawa maabara nzima ilikuwa watu watatu na mmoja wao nilikuwa mimi mwenyewe.

Jina langu Sichalwe, mzaliwa wa Chapwa. Nilifanya kazi ya kupima dhahabu kwenye mgodi mmoja bondeni Songwe, upande wa Galula, wakati Mwingereza bado anatutawala na vita ya Hitla imeisha juzijuzi. Nyinyi mnafika Galula kwa pikipiki na bado mnalalamika mgongo. Sisi tulipanda lori la mahindi hadi lilipochoka, halafu tukatembea kulitafuta lingine.

Nilianza shimoni kama wengine, nikibeba mawe. Siku moja Bwana Polepole, mkemia wa mgodi, alitafuta kijana anayejua kusoma, nami nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Jina lake halisi sikulijua vizuri. Tulimwita Bwana Polepole kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote, hata lori likitaka kumgonga. Alinichukua kwa majaribio. Akasema mvua zikiisha atanipima, na nikishindwa nitarudi chini.

Sasa elewa kwa nini sikutaka kurudi chini. Nilikuwa nimeposa kijiji cha Mpemba, kwa mzee Simfukwe, mzee wa kanisa, mtu mwenye shamba zuri na maneno machache. Binti yake aliitwa Tabita. Nilimpenda Tabita kiasi kwamba nilikuwa nikisikia jina la Mpemba tu, naacha nilichoshika. Mzee Simfukwe alipopata habari kwamba mposaji anafanya kazi shimoni, alinijibu kwa sentensi moja: "Binti yangu hataolewa na mtu anayezikwa kila asubuhi." Maabara ilikuwa juu ya ardhi, ina madirisha na bati. Kwangu maabara na Tabita vilikuwa kitu kimoja.

Siku yangu ya kwanza Bwana Polepole alinisimamisha mbele ya rafu ya makopo. Kila kopo lilikuwa limeandikwa herufi na namba tu, bila jina. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba zamani majina yalikuwepo, lakini kopo moja liliandikwa "magadi", na mpishi wa kambi alikuwa akija kuchota kidogo kidogo kulainishia maharage. Bwana Polepole alipogundua kwamba vipimo vyake vinaliwa, akafuta majina yote. Tangu siku hiyo magadi yaliitwa Na2CO3, zile namba zikiandikwa ndogo chini ya mstari, na mpishi akarudi kuchemsha maharage kwa kuni na subira.

"Soma," akaniambia.

Nami nilisoma. Kumbukeni nilifundishwa kusoma shule ya misheni kwa silabi: ba be bi bo bu, na ne ni no nu, sa se si so su. Nikalitazama kopo la magadi, nikasoma kwa sauti ya kanisani: "Na mbili."

"Na mbili nini?" akauliza.

"Ndicho ninachouliza mimi, Bwana. Imeandikwa 'na mbili', lakini mwanzo wa maneno umefutika. Kitu gani, na mbili?"

Akanielekeza kopo la pili, la mchanga mweupe uliosagwa, lililoandikwa SiO2. Hili nililiona rahisi. Nikasema, "Hapa imeandikwa si O mbili."

"Vizuri. Basi O ngapi?"

"Haikuandikwa, Bwana. Imeandikwa tu kwamba si mbili."

Bwana Polepole alitoa kiko mdomoni. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha uongo, kile cha kuficha kicheko. Huyo alikuwa Mzee Kibona, msaidizi mkuu wa maabara, Mndali wa milima ya Ileje, ambaye alikuwa ameshika koleo la tanuri na machozi yanamtoka. Bwana Polepole akamwambia, "Kibona, huyu wako. Polepole." Akatoka nje.

Nilikuwa na hakika nimekwisha kumpoteza Tabita. Nilikaa juu ya kreti nikiwaza ile sentensi ya mzee Simfukwe. Mzee Kibona akaja akakaa karibu, akajifuta macho kwa upindo wa shati.

"Wewe ni Mnamwanga," akasema.

"Ndiyo, mukwayi," nikajibu kwa neno letu la heshima.

"Ukoo wako nani?"

"Sichalwe."

"Na dada yako anaitwaje?"

"Nachalwe."

"Na mchumba, maana uso huo ni wa mtu mwenye mchumba?"

"Namfukwe. Baba yake Simfukwe."

Nyinyi wa makabila mengine huenda hamjui: kwetu Wanamwanga ukoo ni mmoja, lakini mwanamume huanza na Si na mwanamke huanza na Na. Ukisikia jina tu, hujamwona mtu, tayari unajua umwite baba au umwite mama. "Mwanangu," akasema Mzee Kibona, "umezaliwa na Si, umenyonyeshwa na Na, unataka kuoa Na. Leo unaniambia hujui kusoma Na na Si? Hao kwenye makopo ni watu. Si ni mwanamume. Na ni mwanamke. Hawa O tuwaite watoto, maana hawaishi kumkimbilia kila mtu. Haya, soma tena."

Nikasoma. Mchanga ni Si mmoja na watoto wawili, hana mke. Magadi ni Na wawili, wake wa bwana mmoja, C, na watoto watatu. Niliona kama mtu amefungua dirisha. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona aibu ya kucheka, halafu nikacheka tena.

Kuanzia hapo Mzee Kibona alinifundisha bila haraka, tukiwa kazini. Namba ndogo ya chini, alisema, ni ya yule inayemwegemea kushoto kwake, haiwahusu majirani. Asiyeandikwa namba ni mmoja, na ni mmoja tu. Usimwongezee wala usimwache. Hili la mwisho lilinisumbua, kwa sababu mimi niliona asiyeandikwa namba kama mtu aliyesahauliwa, nikawa namruka. Mzee Kibona alinipiga kidole sikioni. "Huyo hajasahauliwa," akasema. "Yuko peke yake na hajali. Mhesabu."

Mabano yalinitesa wiki nzima. Tulikuwa na kopo la chokaa iliyozimwa, Ca(OH)2, nami nikazidisha wote kwa mbili pamoja na yule Ca. Mzee Kibona akachora ua wa nyumba kwenye vumbi la sakafu. Ndani ya ua akamweka O na H. "Namba iliyo nje ya mlango ni ya waliomo ndani ya ua. Wote watahesabiwa mara mbili. Lakini huyu Ca kakaa nje, barazani, anavuta tumbaku. Chakula cha ndani hakimhusu." Basi O wawili, H wawili, Ca mmoja. Hadi leo nikiona mabano naona mzee amekaa nje anavuta tumbaku.

Halafu kuna nukta ya katikati, ambayo ni ya kuogopwa. Boraksi, chumvi nyeupe ya kuyeyushia mawe, tulikuwa nayo kopo kubwa, Na2B4O7·10H2O. Ile nukta si mwisho wa sentensi, kama nilivyodhani mimi nikaacha kusoma. Nukta inasema: wamekuja na maji. Na namba kubwa iliyosimama mbele ya maji ni ya maji yote, kila H na kila O. Ukihesabu bila nukta utapata O saba. Ukihesabu na maji utapata kumi na saba. Mimi nilipata saba, nikajaza chungu hadi mdomoni nikidhani ni unga mkavu, nikakiingiza tanurini. Yale maji yalipoona moto yalitaka kutoka yote kwa pamoja. Boraksi ikafura, ikapanda, ikamwagika kama uji uliosahaulika jikoni, ikaganda kwenye sakafu ya tanuri. Nilikwangua kwa patasi mpaka mikono ikaota malengelenge, na Mzee Kibona alikuwa akipita ananiuliza, "Walikuja wangapi, hao wa majini?"

Mtaniuliza, hesabu hii ya nini kwa mtu anayetafuta dhahabu? Ni hivi. Jiwe la dhahabu tulilisaga, tukachanganya na unga wa madini ya risasi, magadi na boraksi, na mchanga kidogo pale jiwe lilipoutaka, tukatia kwenye chungu cha udongo na kuyeyusha. Mchanga na magadi vikikutana motoni hugeuka kioo, uchafu wote ukaingia humo, na risasi ikazama chini imebeba dhahabu. Halafu risasi tuliichoma upya kwenye kikombe kidogo cha majivu ya mifupa. Kikombe kinainywa risasi kama ardhi inavyokunywa maji, kinabakiza tone la dhahabu dogo kuliko mbegu ya ulezi. Ukikosea kipimo cha magadi, mchanga hauyeyuki, na dhahabu inabaki imejificha kwenye mawe. Siku hizi wana mashine za kusoma haya, na sawa, lakini mashine nayo inatumia hesabu ileile.

Mvua zilipokaribia kuisha niliomba ruhusa nikaenda nyumbani, nikapitia Mpemba kusalimia ukweni. Nilichuchumaa uani nikapiga makofi ya heshima, nikaambiwa baba yuko shambani, nisubiri barazani. Tabita akanitupia jicho moja kutoka jikoni. Likanitosha.

Nikiwa nasubiri, nikaona nisipoteze muda. Nikachukua punje za mahindi na maharage, nikaanza kujifunza ile ndoa ya kwenye chungu ambayo Bwana Polepole alipenda kuiuliza: mchanga na magadi vikiingia motoni, kinatoka nini. Nikazipanga punje, nikawa nasema kwa sauti, kama tulivyozoea maabara: "Si mmoja. Na wawili. Watoto watatu. Si amewachukua akina Na wote wawili, wamo motoni."

"Nani huyo?"

Mzee Simfukwe alikuwa amesimama nyuma yangu na jembe begani.

"Shikamoo, baba. Ni Si, baba."

"Si nani? Mnamwanga?"

"Hapana, baba. Wa kule kazini."

"Ana wake wawili?"

"Amewapata juzi, baba. Walikuwa wa mwingine."

Jembe lilishuka polepole kutoka begani. "Wa mwingine," akarudia. "Na hao wanawake ni wa ukoo gani?"

Hapo ndipo akili ilipaswa kuniambia ninyamaze. Badala yake nilifurahi kwamba mkwe anapenda elimu, nikajibu haraka, "Wote wawili wa ukoo mmoja, baba. Hawatofautiani hata kidogo."

"Ndugu wawili, mume mmoja. Na wewe unashinda na watu hao?"

"Kila siku, baba. Mimi ndiye ninayewakutanisha."

Kwa mzee wa kanisa wa Mpemba maneno hayo yalitosha. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na mbuzi niliyempelekea wa posa, amefungwa kamba, akanikabidhi. Nilijaribu kueleza kwamba Si ni mchanga na Na ni magadi, na jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo uso wake ulivyozidi kufunga, kwa sababu mwanzoni nilikuwa mtu wa tabia mbaya, na sasa nilionekana nimerukwa na akili pia. Kutoka jikoni nikamsikia Tabita analia, nami nikaondoka na mbuzi wangu barabarani nikilia vilevile, mtu mzima mwenye ndevu tatu.

Nilirudi bondeni nikamweleza Mzee Kibona. Safari hii hakucheka. Alifikiri, akasema, "Mkweo ni mtu wa haki?"

"Ni mtu wa haki sana. Ndiyo tatizo."

"Basi atakuja kuona. Mtu wa haki hahukumu kesi bila kumwona mshitakiwa."

Na alikuja. Asubuhi ile ya mtihani wangu, nikiwa nimesimama mbele ya Bwana Polepole na chaki mkononi, mtu aliziba mwanga mlangoni. Mzee Simfukwe alikuwa na koti lake la Jumapili, vumbi la lori hadi kwenye nyusi. Aliamkia, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili cha polepole ambacho Bwana Polepole alikipenda mara moja: "Nimekuja kumwona Si."

Bwana Polepole alimtazama Mzee Kibona. Mzee Kibona akamweleza kwa Kiingereza kifupi. Nikaona kiko kinatikisika mdomoni mwa mzungu yule. Kisha akamvutia mzee kreti kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Kaa, Mzee. Leo ndiyo kesi yake." Akachukua kopo la mchanga, akalifungua, akaliweka miguuni pa mkwe wangu. "Huyu Si." Akaleta la magadi. "Hawa mama wawili." Mzee Simfukwe aliinama akatazama ndani ya makopo yote mawili. Alikaa, akaweka fimbo kati ya magoti, kama anavyokaa kwenye baraza la kanisa akisuluhisha ndoa.

Bwana Polepole akaniandikia ubaoni: Na2CO3 na SiO2, halafu mshale, halafu Na2SiO3. Baada ya hapo akaacha nafasi tupu. "Nini imetoka? Hesabu ikae sawa. Yote iliyoingia lazima itoke."

Nikahesabu walioingia kwa sauti. Na wawili. C mmoja. Si mmoja. Watoto: watatu wa C, wawili wa Si, jumla watano. Nikahesabu waliotoka. Na wawili, wapo. Si mmoja, yupo. Watoto watatu. Nikakwama. Nilijua kuna kitu kimepungua, lakini kila nikitazama ubao naona uso wa mzee Simfukwe. Nikahesabu tena, ikaja vilevile. Bwana Polepole akatazama saa. Nje niliwasikia wenzangu wa zamu wakielekea shimoni, wanaimba, nami nikaona kesho nipo katikati yao na taa ya kichwani.

Mzee Simfukwe alikohoa. "Samahani, Bwana. Mimi si mwanafunzi. Lakini nauliza kama mzee." Akanigeukia kwa ukali. "Hawa mama wawili walikuja na mume wao. Yuko wapi?"

"Nani, baba?"

"Huyu C. Huyu kijana Si amemchukulia wake wote wawili, na nyinyi mmekaa mnashangilia watoto watatu. Yule bwana aliyenyang'anywa mmemfanya nini? Kwetu mtu akinyang'anywa nyumba hivyo haondoki mikono mitupu. Lazima apewe kitu."

Nikaugeukia ubao. Watoto watano waliingia, watatu wamebaki na Si. Wawili hawapo, na C hayupo.

"Ameondoka na watoto wawili," nikasema. Nikaandika CO2 kwenye nafasi tupu, chaki ikavunjika kwenye ile mbili. "Ametoka juu, baba. Ndiyo yale mapovu yanayochemka kwenye chungu. Anatoka amewachukua wawili, anakwenda zake hewani."

Mzee Simfukwe aliitazama hesabu muda mrefu, akinyooshea fimbo mmoja mmoja, walioingia na waliotoka. Halafu akaitikia kwa kichwa. "Basi hakudhulumiwa sana," akasema.

"Umepita," Bwana Polepole akaniambia. Nadhani alikuwa anacheka, lakini alikuwa amenigeuzia mgongo akiwasha kiko ambacho kilikuwa kinawaka tayari. Mimi sikucheka. Nilikaa sakafuni, palepale Mzee Kibona alipowahi kunichorea ua wa nyumba.

Mbuzi alirudi Mpemba kwa mara ya pili, amenenepa. Harusi ilikuwa baada ya mavuno, kanisani Mpemba, na Mzee Kibona alikuja na kanzu nyeupe yenye tundu dogo la asidi kifuani. Ilipofika saa ya mausia watu walijitayarisha kukaa sana, maana baba wa bibi harusi wa kwetu akisimama huwa anaanzia kwa Adamu. Mzee Simfukwe alisimama. Alinitazama mimi, hakumtazama mtu mwingine.

"Sichalwe," akasema, "jina la binti yangu ni Namfukwe. Tazama vizuri chini ya ile Na. Sikuandika namba."

Akakaa. Kanisa lote lilibaki linasubiri maneno yaendelee. Sisi watatu tu ndio tulioshika mbavu kwa kicheko: Mzee Kibona, mimi, na Tabita, ambaye nilikuwa nimemfundisha kusoma makopo yote kabla ya harusi.